Barua pepe ya kazini na siri ya mtu

Karani wa ghala akiacha kazi, mwajiri huamuru barua pepe zake zote zielekezwe kwa mwingine. Kibiashara ni busara. Ankara ya mteja wa Bukavu au hati ya mzigo uliokwama Rusizi ya Pili haiwezi kulala wiki nzima.

Tatizo ni kwamba kompyuta haichagui. Pamoja na ankara hupita majibu ya hospitali, deni la ada, ugomvi wa shamba la urithi. Anayeandika haambiwi kwamba msomaji amebadilika.

Sisi tuliokulia ukimbizini tunalielewa jambo hili. Familia nyingi hazikuwa na sanduku la posta. Barua zilipitia sanduku la shule, la parokia au la tajiri. Aliyezipokea alisoma jina juu ya bahasha, akamkabidhi mwenyewe. Barua pepe haina bahasha: ikifunguliwa ili ijulikane ni ya nani, imekwisha kusomwa.

Sheria inasemaje? Ibara ya 23 ya Katiba ya Rwanda inalinda siri ya mawasiliano. Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inadai taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumiwe nje ya lengo hilo. Zikivuja, mwenye kuzishika anatakiwa kuiarifu mamlaka ya usalama wa mtandao ndani ya saa 48.

Waajiri husema: kompyuta ni yangu, na barua ni zangu. Hoja hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Bărbulescu wa Romania, aliyefukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kunakili maongezi yake, yakiwemo ya ndugu yake na mchumba wake. Tarehe 5 Septemba 2017 mahakama iliamua kwamba haki yake haikulindwa ipasavyo. Kukagua hakukukatazwa, lakini mfanyakazi aarifiwe mapema na ukaguzi usizidi mahitaji. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila mantiki yake inafaa hata Rwimbogo.

Mara nyingi dawa ni jibu la kujiendesha: "Fulani hayupo tena, andika kwa anwani hii." Hapo mwandishi huamua mwenyewe nani amsome. Ikilazimu kuelekeza, iwe kwa maandishi, mhusika ajue, na siku ya kukoma itajwe. Anayepokea akiona jambo la binafsi aache kusoma, amtumie mwenyewe, afute nakala. Nao wafanyakazi wasielekeze barua za ofisi kwenye anwani zao za nyumbani: humo mna vitambulisho na bei za wateja.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku ana haki ya kuuliza kabla ya kutuma nakala ya kitambulisho chake: barua hii itasomwa na nani? Ofisi isiyoweza kujibu haijastahili kuipokea.