Dearborn ilivyogeuza bei ya urafiki wa Marekani na Israeli

KWA miongo mingi wanasiasa wa Marekani waliishi kwa imani moja kuhusu Israeli: kwamba hakuna aliyewahi kupoteza kiti kwa kuipenda mno, ila wapo waliojiponza kwa kuigusa.

Mfano uliotajwa mara kwa mara ni wa Rais George Bush, yule baba. Septemba 1991 aliliomba bunge la Congress liahirishe kwa siku 120 dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 ambayo Israeli ilihitaji ili kuwapa makao Wayahudi waliokuwa wakihama kutoka Muungano wa Sovieti. Hakutaka fedha hizo ziishie katika makazi ya walowezi kwenye Ukingo wa Magharibi. Mwaka uliofuata alibwagwa na Bill Clinton. Uchumi ndio uliomwangusha zaidi, lakini katika korido za Washington somo lilikaririwa vingine. Ni wachache waliokumbuka kwamba mwaka wa 1956 Rais Dwight Eisenhower aliishinikiza Israeli, pamoja na Uingereza na Ufaransa, katika mzozo wa Mfereji wa Suez wakati kampeni zikiwa zimepamba moto, na bado akashinda katika majimbo 41 kati ya 48.

Imani hiyo ilipasuka mwaka wa 2024, na ilipasukia mahali ambapo wataalamu wa sera za kigeni hawana desturi ya kutazama. Dearborn ni mji wa viwanda ulio ubavuni mwa Detroit katika jimbo la Michigan, na ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya magari ya Ford. Wakazi wake ni kama 110,000. Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu yao wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, wengi wakiwa wajukuu wa watu waliofuata kazi za kiwandani kutoka Lebanon, Yemen na nchi jirani.

Katika taifa la zaidi ya watu milioni 330, jamii hiyo ni tone baharini. Lakini rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Huchaguliwa jimbo kwa jimbo, na majimbo yanayoamua mshindi huhesabika kwa vidole. Michigan ni mojawapo. Donald Trump aliitwaa mwaka wa 2016 kwa kura zisizofika 11,000. Joe Biden aliirejesha mikononi mwa Democratic mwaka wa 2020 kwa kura kama 154,000. Mkenya aliyezoea kuona wawaniaji wa urais wakipiga kambi katika ngome chache zisizotabirika hahitaji kufunzwa hesabu hii.

Hesabu hiyo ndiyo iliyokutana na vita vya Gaza. Hamas iliposhambulia Israeli mnamo Oktoba 7, 2023, na kuua watu wapatao 1,200, Biden alikuwa Tel Aviv kabla wiki mbili hazijaisha. Alimkumbatia Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu hadharani, akiamini kuwa rafiki aliye karibu husikilizwa faraghani. Huenda kweli alisikilizwa katika baadhi ya mambo. Hata hivyo, kufikia mwisho wa Februari 2024, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imeorodhesha zaidi ya Wapalestina 30,000 waliouawa, na mabomu mengi yaliyokuwa yakianguka huko yalitengenezwa Marekani. Kwa familia za Dearborn zenye jamaa Palestina au kusini mwa Lebanon, hizo hazikuwa habari za kimataifa. Zilikuwa tanzia.

Tukio moja la Januari 2024 linaeleza mengi kuliko hotuba zote zilizofuata. Meneja wa kampeni ya Biden, Julie Chávez Rodríguez, alifunga safari hadi eneo hilo kukutana na viongozi wa jamii. Meya wa Dearborn, Abdullah Hammoud, alikataa kumwona. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kuketi na kuzungumzia kura ilhali watu wanaendelea kufa. Akitaka mtu wa kuzungumza naye, amtake anayeunda sera. Wiki mbili baadaye, White House iliwatuma maafisa wakuu, wakiwemo naibu mshauri wa usalama wa taifa Jon Finer na mkuu wa shirika la misaada la USAID, Samantha Power.

Kwa hatua hiyo, pengine bila kukusudia, serikali ilikiri kwamba suala lililokuwa likiamuliwa katika vyumba vya usalama wa taifa sasa lina anwani mitaani. Meya, ambaye kazi yake ya kawaida ni barabara, taka na polisi, alikuwa ameketi meza moja na wasimamizi wa uhusiano wa dola mbili.

Silaha ya wapinzani ilikuwa ndogo na ya kisheria kabisa. Karatasi ya kura ya mchujo Michigan ina nafasi ya mpiga kura anayetaka kuonyesha kwamba yu ndani ya chama lakini hajamkubali mgombeaji yeyote. Wanaharakati wakiongozwa na Layla Elabed, dadake mbunge Rashida Tlaib, walijiwekea shabaha ya kura 10,000 za namna hiyo. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo: ilikaribia pengo lililompa Trump jimbo hilo mwaka wa 2016.

Matokeo ya Februari 27 yalipita shabaha hiyo mara kumi. Zaidi ya wapiga kura 101,000, sawa na asilimia 13, waliiweka alama nafasi hiyo. Ni haki kusema kwamba mwaka wa 2012, Barack Obama akiwa hana mpinzani, kura kama 20,000 za aina hiyo zilipigwa pia, hivyo si zote zilikuwa za Gaza. Lakini Minnesota ilifuata wiki moja baadaye kwa asilimia 19, na hakuna aliyeweza tena kudai kuwa ni hasira ya mtaa mmoja.

Je, sera ilibadilika? Kidogo, na kwa kusuasua. Aprili 2024 Biden alitia sahihi sheria iliyotenga takriban dola bilioni 26 kwa ajili ya Israeli na misaada ya kibinadamu. Mwezi uliofuata alizuia shehena ya mabomu mazito ya ratili 2,000, akihofia mauaji ya raia mjini Rafah. Hatua zote mbili zilimletea lawama: waliotaka silaha zikome waliona la Mei ni tone, na waliotaka Israeli isiguswe waliona ni usaliti. Kiongozi anayetaka kuridhisha kambi mbili kwa sera moja ya vita mara nyingi huishia kuziudhi zote.

Kamala Harris alipochukua nafasi ya Biden Julai 2024, alirithi kitendawili hicho bila muda wa kukitegua. Kosa lake kubwa zaidi lilitokea Agosti, katika kongamano la chama mjini Chicago. Wajumbe wa vuguvugu hilo hawakuwa wakidai tena kwamba sera igeuzwe papo hapo. Waliomba Mmarekani mmoja mwenye asili ya Kipalestina apewe dakika chache jukwaani, na walimpendekeza Ruwa Romman, mbunge wa jimbo la Georgia, aliyekuwa tayari kumuunga mkono Harris. Wakakataliwa. Wazazi wa mateka Mmarekani aliyekuwa mikononi mwa Hamas walipewa jukwaa, na walistahili kulipewa. Lakini kumnyima mwingine kuliwaambia wapiga kura wa Dearborn kwamba hata huzuni yao ni tatizo la kampeni. Septemba vuguvugu lilitangaza kuwa halimwidhinishi Harris, ingawa lilionya dhidi ya Trump.

Trump hakukosea hapo. Alifika Dearborn Novemba 1, akaahidi amani bila kueleza ataileta vipi, akaondoka. Siku nne baadaye, mji uliompa Biden karibu kura saba kati ya kila kumi mwaka wa 2020 ulimpa Trump asilimia 42, Harris 36, na Jill Stein wa chama cha Green 18. Katika uchaguzi huo huo Tlaib, Mdemocrat, aliongoza mjini humo bila shida. Waliomkataa Harris hawakuwa wamekihama chama. Walikuwa wakimwadhibu mtu kwa jambo moja.

Hapa ndipo pana haja ya kutotia chumvi. Harris alishindwa Michigan kwa kura kama 80,000, na Dearborn peke yake isingeweza kuziba pengo hilo. Isitoshe, hata angeitwaa Michigan na kura zake 15 za wajumbe, bado Trump angeshinda, kwa kuwa alikuwa na 312. Bei za vyakula na suala la wahamiaji ziliwasukuma Wamarekani wengi zaidi. Anayesema Gaza ndiyo iliyomwangusha Harris anasema asichoweza kukithibitisha.

Na waliomwadhibu walipata nini? Usitishaji vita ulianza Januari 19, 2025, mkesha wa kuapishwa kwa Trump. Februari 4 rais huyo mpya, Netanyahu akiwa kando yake, alisema Marekani itaichukua Gaza na wakazi wake wahamishwe. Machi 18 mashambulizi yakarejea, na usitishaji mwingine haukupatikana hadi Oktoba. Kwa kipimo cha maisha yaliyookolewa, ni vigumu kuiita kura ya Dearborn ushindi.

Kilichobadilika ni hofu. Machi 2025 kampuni ya utafiti ya Gallup ilipata kwamba asilimia 59 ya Wademocrat waliwahurumia zaidi Wapalestina, dhidi ya 21 walioegemea Israeli. Mwezi Julai, maseneta 27 wa kambi ya Democratic, zaidi ya nusu yake, walipiga kura kuzuia mauzo ya bunduki kwa Israeli. Hoja hiyo ya Bernie Sanders ilianguka, lakini wengi wa waliojitokeza hapo wasingethubutu miaka michache kabla.

Kisha kukawa na New York, mji wenye Wayahudi wengi kuliko mji wowote nje ya Israeli. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala na mwana wa msomi Mahmood Mamdani, aliulizwa katika mdahalo ni nchi gani ataizuru kwanza akiwa meya. Baadhi ya wapinzani wake waliitaja Israeli. Yeye akajibu kuwa atabaki New York. Alimshinda Andrew Cuomo katika mchujo wa Juni 2025 na tena Novemba. Kodi za nyumba ndizo zilizombeba, lakini msimamo wake kuhusu Israeli, uliotarajiwa kummaliza, haukummaliza.

Michigan nayo haikupoa. Seneta Gary Peters alipotangaza mnamo Januari 2025 kwamba hatatetea kiti chake mwaka wa 2026, waliojitosa kutafuta tiketi ya Democratic ni pamoja na Haley Stevens, Mallory McMorrow na Abdul El-Sayed, daktari ambaye wazazi wake walihamia kutoka Misri. Mwaka wa 2022 kundi lenye uhusiano na AIPAC, shirika linaloitetea Israeli, lilitumia mamilioni ya dola kumsaidia Stevens kumng'oa Andy Levin, ambaye mwenyewe ni Myahudi. Wakati huo fedha za aina hiyo zilihesabiwa kuwa baraka kwa mgombeaji. Miaka mitatu baadaye, wapiga kura wa jimbo lile lile walikuwa wakiwauliza wawaniaji iwapo watazikataa.