Shingo ya Mtoto Ndiyo Kalenda

Mwezi uliopita nilipanda Kitale kumtazama binti yangu aliyeolewa huko, na mjukuu nisiyemwona tangu kuzaliwa. Nilimkuta ananing'inia mlangoni. Miezi minne tu, kichwa kimeangukia kifuani, miguu haifiki chini, amefungwa katika kisuruali cha kitambaa chenye springi, kilichotundikwa kwa misumari miwili.

"Baba, huo ni mchezo wake," akaniambia binti. "Tena utamfanya atembee upesi. Wenzake mtaani wanavyo."

Nilimtoa mtoto nikamlaza mkekani, kisha tukazungumza.

Kitu hicho cha kurukia hakina dhambi, ila kina wakati wake. Shingo ya mtoto ndiyo kalenda. Mpaka aweze kuisimamisha mwenyewe bila kuyumba, yaani yapata miezi sita, hana kazi humo. Hata akifika umri huo, ncha za vidole ziguse sakafu, robo saa yamtosha, na mtu mzima awe hapo hapo. Akianza kutembea, kifunguliwe.

Ama kile kiti cha kunesa, ambacho mtoto hukilalia nusu, hicho ni cha mchanga, mpaka aanzapo kujikakamua aketi. Kiwekwe sakafuni, si mezani wala kitandani, kwani kwa kunesa kwake husogea hadi ukingoni. Mkanda ufungwe kila mara. Na Kitale kuna baridi: wazazi huwavika watoto sweta juu ya sweta, mkanda ukakaza nguo, mtoto akateleza ndani yake. Akisinzia atolewe, alazwe chali mahali bapa, pagumu. Kidevu kikishukia kifuani huziba njia ya pumzi, na mtoto hana sauti ya kuita.

Ama hilo la kutembea upesi, jibu liko papa hapa Kenya. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, aliandika juu ya watoto wa Kikipsigis wa kijiji cha Kokwet. Waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Kimarekani. Mama zao waliwafundisha kwa makusudi, wakiwaketisha katika kishimo kidogo, wakiwashika mikono wapige hatua. Mambo wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Hapakuwa na springi hata moja.

Baada ya siku mbili mkwe wangu alinichukua Bungoma kwa wazee wake. Sokoni, katika mitumba, niliviona viti hivyo hivyo: kimoja hakina mkanda, kingine springi imelegea, na vyote karatasi ya maelezo ya umri na uzito imebanduka. Muuzaji alisifu rangi. Kando palikuwa na vile vya magurudumu, ambavyo Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004, kwa kuwa watoto walikuwa wakiporomoka navyo ngazini. Nyumba zetu nyingi hazina ngazi, lakini zina jiko la makaa na sufuria ya chai, na gurudumu hufika huko kabla mama hajageuka.

Niliporudi Kitale misumari ilikuwa imeng'olewa. Kisuruali kimekunjwa juu ya kabati, kinangoja miezi miwili. Binti alikuwa akipika, mwanawe mgongoni katika mbeleko ya kanga niliyomletea kutoka Mombasa.