SHERIA HAICHOTI MAJI

Kwetu Morotonga, Serengeti, yuko mama jirani mwenye mtoto wa miaka minne aliyepatwa na mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa wala kula peke yake. Wengine husema ni laana. Nami zamani nilipita mbali. Kumbe ni ubongo uliodhurika, pengine kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hali hii haiambukizi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza kuwabagua, lakini sheria haichoti maji. Likizo iliyopita nilimpakata mtoto yule, nikamlisha uji polepole kama mama yake alivyonielekeza. Mama akapata kupalilia mahindi yake.

Basi wenzangu, likizo ijayo tusiwape wazazi hawa pole tupu. Tuwape mikono.