Kabimba: pikipiki inaongezewa mzigo, breki inabaki ileile

Pikipiki mpya haikai mpya kwa muda mrefu Kabimba. Kabla haijamaliza mwezi imekwisha kupita kwa fundi wa kuchomea vyuma: sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo imepanuliwa, springi zimebadilishwa kwa nyingine nene, vyuma vya kukinga miguu vimefungwa mbele, na kiti kimeshonwa upya ili watu wawili wakae pale mtengenezaji alipoweka nafasi ya mmoja. Katika kituo hicho cha simenti kando ya ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kalemie, pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, la mwalimu, la ndagala na la makala. Mafundi wana haki kabisa ya kuikata na kuiunga upya ili ifae njia za huko, maana njia hizo hazifanani na zile za India ilikotengenezewa.

Kwa hiyo wanaolalamika kwamba pikipiki za Kabimba “zimeharibiwa” hawasemi kweli. Kosa liko kwingine. Pesa karibu yote inayotumiwa kuzibadilisha inakwenda kwenye kubeba; kwenye kusimama haiendi kitu.

Hesabu yake si ngumu. Mfuko mmoja wa simenti una kilo 50. Mifuko mitatu ni kilo 150, na hizo zinazidi uzito wa pikipiki yenyewe, kwa sababu TVS au Boxer ya aina inayoonekana sana mashariki mwa Congo ina kilo kama 110 hadi 120. Hapo bado mwendeshaji hajapanda. Breki lakini ni ileile ya ngoma aliyoiweka mtengenezaji akifikiria mwendeshaji mmoja na abiria mmoja. Uzito ukiwa mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, kazi hiyo inakuwa mara nne. Kwenye mteremko mrefu viatu vya breki, vile vipande viwili vinavyobana ndani ya ngoma, vinapata joto mpaka vinaanza kuteleza hata mguu ukikanyaga hadi mwisho. Watu wanaookota majeruhi husema pikipiki “ilikataa”. Lakini pikipiki ilitumwa kazi ambayo hakuna aliyeipa nguvu ya kuimaliza.

Wanaodhani mambo haya ni ya umaskini wa Congo watazame Uingereza. Katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wa London na miji mingine walikuwa wakikata na kuunga pikipiki kwa mikono yao, wengi katika nyua za nyumba za wazazi wao. Iliyosifiwa kuliko zote iliitwa Triton, na jina hilo lenyewe limeungwa: injini ya Triumph ndani ya shasi ya Norton. Kwa nini wajisumbue hivyo? Injini ya Triumph ilikuwa na nguvu, lakini shasi yake haikushika barabara vizuri kwenye kona. Shasi ya Norton, ile iliyoitwa Featherbed, iliyobuniwa na ndugu wawili wa ukoo wa McCandless kutoka Ireland ya Kaskazini na kuingia kwenye mashindano mwaka 1950, ilikuwa imetulia kuliko zote za wakati wake. Vijana hao walitaka kasi, tena kasi ya kichaa, lakini waliitafuta kwanza mifupa ya kuibeba.

Si kwamba walikuwa na akili zaidi ya kijana wa Kabimba. Walikufa wengi barabarani, na sheria ya kuvaa kaske haikuwa lazima Uingereza mpaka mwaka 1973. Lakini leo, mtu anayemiliki Norton au Triumph ya zamani na kuiendesha kati ya magari ya kisasa, kazi ya kwanza atakayoambiwa na fundi mzee ni breki: aweke ngoma kubwa zaidi ya mbele, au diski. Kisha umeme, kutoka volti 6 kwenda 12, ili taa ionyeshe njia badala ya kuonyesha tu kwamba kuna pikipiki inakuja. Injini inasubiri zamu yake.

Na pikipiki hizo za Kiingereza haziko mbali na Kabimba kama inavyoonekana. Norton, jina lililozaliwa Birmingham mwaka 1898, ni mali ya TVS ya India tangu Aprili 2020; ndiyo TVS ileile ambayo jina lake limebandikwa kwenye matangi ya mafuta kote Kivu na Tanganyika. Bajaj, watengenezaji wa Boxer, wameungana na Triumph kutengeneza pikipiki pamoja tangu mwaka huohuo wa 2020. Royal Enfield ilianza Uingereza, ikaanza kuungwa India mwaka 1955, na kiwanda chake cha kule Uingereza kilipokufa, ile ya India ikaendelea kuishi. Kwa ufupi, anayepakia makala juu ya TVS yake amepanda binamu wa Norton. Anastahili pia ushauri wanaopewa wenye Norton.

Ziwa lenyewe limekwisha kuona mashine ya Kiingereza iliyobebeshwa kuliko mwili wake. Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, Waingereza walileta boti mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Afrika Kusini, kisha kwa reli na kwa kukokotwa porini Katanga, hadi pale Lukuga inapotokea ziwani, ndipo Kalemie ilipo leo. Kila boti ilikuwa imefungiwa mzinga mbele. Mzinga huo ulipaswa kupigwa moja kwa moja mbele tu, kwa sababu kishindo chake kikienda upande kingeivunja boti. Mabaharia wakajua kikomo hicho, wakapigana ndani yake, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Mwendeshaji wa simenti hana wa kumwambia kikomo chake kiko wapi.

Atakayemwambia anapaswa kuwa fundi. Mafundi wa Kabimba na Kalemie wanajua kazi, ila kuna mambo matatu manne yanayofanywa kwa mazoea na ambayo ni hatari. La kwanza ni kuchomea chuma cha mzigo moja kwa moja kwenye bomba la shasi, karibu na pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapofungwa. Bomba hilo ni jembamba. Moto unalilegeza, na ufa unaanza pembeni mwa mchomeo mahali ambapo rangi inauficha. Kufunga kwa boliti kunachukua saa nyingi zaidi, lakini boliti ikilegea inaonekana na inakazwa. Kisha kuna mahali pa mzigo. Ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, unanyanyua gurudumu la mbele, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Chuma kikiteremshwa chini na kusogezwa mbele, mifuko ikalala pembeni, pikipiki ileile inatulia.

Kuna pia hofu ya breki ya mbele, na hii ndiyo inayoua kimyakimya. Kwenye mchanga na matope gurudumu la mbele likibanwa ghafla linateleza, basi waendeshaji wengine wanailegeza breki hiyo kwa makusudi, wanabaki na ile ya mguu peke yake. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito unakimbilia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Dawa ni kujifunza kuibana polepole, na mzigo ukae mahali ambapo gurudumu la mbele bado linashika ardhi. Wengine tena wanaongeza meno kwenye duara la nyuma la mnyororo ili pikipiki ipande mlima na mzigo. Hilo halina ubaya, mradi mwendeshaji akumbuke kwamba injini sasa inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule na inahitaji oili mapema.

Nani alipe? Hapa lawama imekuwa ikitupwa kwa kijana aliyeshika usukani, na si haki. Mara nyingi pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe pesa iliyopatanwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mwenye pikipiki hulipia chuma cha mzigo bila kusita kwa sababu pesa hiyo itarudi. Viatu vya breki havirudishi franka hata moja, kwa hiyo vinasubiri mpaka vyuma vinasagana. Jozi ya viatu hivyo ni bei ndogo kuliko chuma hicho cha mzigo. Ajali ikitokea, mwenye pikipiki anadai pikipiki yake, na familia ya kijana inadaiwa pesa ya hospitali. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, kwamba breki ni juu ya mwenye mali.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Sheria ya barabara namba 78-022 ni ya tarehe 30 Agosti 1978, miaka mingi kabla pikipiki hizi za India na China hazijajaa, na kinachokaguliwa zaidi kwenye vizuizi ni karatasi: plaki, vinyeti, risiti ya kodi. Ni nadra mkaguzi kuinama, kunyanyua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Kazi hiyo inachukua dakika moja na haihitaji mashine yoyote kutoka Kinshasa.

Wako watakaodai mizigo mizito ipigwe marufuku kwenye pikipiki. Marufuku hiyo isije. Mahali ambapo lori halifiki kwa siku zake, kumkataza mwenye pikipiki kubeba ni kumrudishia mama mzigo kichwani. Mifuko miwili iliyofungwa chini, juu ya pikipiki inayosimama, inafika. Mtu wa kwanza anayeweza kulisimamia hilo ni muuzaji wa simenti, kwa sababu yeye ndiye anayeiona pikipiki ikiwa bado tupu. Aisukume hatua tatu, abane breki ya mbele. Isiposimama, mfuko ubaki dukani mpaka fundi apite.