Polisi wa Sinema Asiyeng'aa

Kuna wanaodai eti sinema inayomwonyesha polisi akiwa mlevi au mchafu wa mdomo huwafundisha vijana dharau. Mimi nawapinga, na shahidi wangu namtoa Ayalandi.

Kikosi cha polisi cha huko kiliundwa mwaka 1922, kikaitwa Garda Síochána, yaani Walinzi wa Amani. Mpaka leo wengi wao hawabebi bunduki. Polisi wa namna hiyo huishi na watu kwa maneno tu, basi si ajabu watunzi wakimcheka kama jirani.

Chukua The Guard, sinema ya John Michael McDonagh ya mwaka 2011. Brendan Gleeson ni Sajenti Boyle wa Connemara. Mwanzoni tu anafika penye ajali, anapekua mfuko wa kijana aliyekufa, anatoa dawa ya kulevya na kuimeza mwenyewe! Kisha anakuja Everett, mpelelezi mweusi kutoka Marekani, naye Boyle anamrushia maneno ya ubaguzi. Hayo hayakunichekesha hata kidogo. (Nilichekea pale Everett anapobisha mlango hadi mlango, na wenyeji wanamjibu kwa Kiayalandi tu. Wanachama wa Kiswahili, mnasikia?)

Lakini ngoja, bwana. Wauza kokeini wanapogawa hongo, maafisa wenzake wanapokea. Wanamtisha Boyle kwa picha za aibu, hatikisiki. Kumbe yule tuliyemwona hafai ndiye asiyenunulika.

Wengine watasema huo ni uzushi wa sinema. Hasha! Tume ya Jaji Morris, iliyoundwa mwaka 2002, iligundua kuwa baadhi ya polisi wa Donegal waliandaa vilipuzi wenyewe, kisha wakajifanya wamevifichua. Hao ndio waigizaji hasa! Katika Love/Hate, tamthilia ya televisheni ya 2010 hadi 2014, mpelelezi Moynihan hana mzaha, nami nilimpenda. Ila wangekuwa wote kama yeye kwenye skrini, nani angeshuku mambo ya Donegal?

Boyle alijigamba kuwa aliogelea kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, hakuna aliyemwamini. Mwishoni anavaa sare yake rasmi, anakwenda gatini kuwakabili wauza dawa. Mashua inalipuka, mwili hauonekani. Everett anatazama bahari, anatabasamu. Mimi nasema jamaa aliogelea.