Rosta ya rangi bila herufi ni mtego (UZI)

1/
Wauguzi wenzangu, leo siandiki habari za posho wala za sare. Naandika habari za rangi. Ndiyo, rangi za Excel, zile tunazopaka kwenye rosta ya zamu. Najua kuna watakaosema "huyu naye kakosa la kuandika". Sawa, cheka, ila soma mpaka chini, maana kuna watu wanaandikiwa barua za kujieleza kwa sababu ya hizi rangi na kosa si lao.

2/
Kuna hospitali moja, siitaji. In-charge wa wodi alikuwa na rosta yake aliyoitengeneza kwenye Excel ya 2010. Rangi ya chungwa maana yake uko nyumbani lakini simu ikilia unakuja. Faili likaenda kwa matroni, naye akakusanya karatasi za wodi zote kwenye faili moja kubwa la hospitali, lililoanzishwa kwenye Excel ya miaka ya karibuni. Kwenye faili hilo kubwa, kijani ni mapumziko.

Ile chungwa ikageuka kijani. Hakuna aliyeigusa. Imehamishwa tu, ikageuka.

Dada wa watu kaona picha ya rosta kwenye grupu la WhatsApp, Jumamosi kijani, Jumapili kijani, kapanda basi kaenda kuwaona wazazi. Usiku wa Jumamosi ikaja operesheni ya dharura, anapigiwa simu yuko mkoa mwingine. Mwenzake aliyekuwa ametoka zamu ya jioni ndiye aliyerudishwa akasimama hadi alfajiri. Jumatatu barua: utoro kazini. Na maneno ya ofisini yakawa yaleyale, "wauguzi wa diploma kompyuta imewapita".

3/
Hapo ndipo ninapobisha. Mimi pia ni wa diploma, na naomba niwaeleze waliosema hivyo jinsi kompyuta yao inavyofanya kazi.

Ukifungua kile kidumu cha rangi kwenye Excel unaona makundi mawili. Juu kuna kundi kubwa lenye safu kumi na vivuli vyake, limeandikwa Theme Colors. Chini kuna mstari mmoja wa rangi kumi, Standard Colors. Watu wengi wanachagua za juu kwa sababu ni nyingi na zinapendeza.

Sasa ukichagua ya juu, faili haliandiki "chungwa". Linaandika "nafasi ya sita". Rangi ipi inakaa nafasi ya sita, hilo linaamuliwa na faili ulimo. Kwenye mafaili ya kawaida ya Excel 2007 na 2010, nafasi ya sita ni chungwa. Kuanzia 2013 nafasi ya sita ni kijani. Nafasi ya pili ilikuwa nyekundu, ikawa chungwa. Nafasi ya tatu ilikuwa kijani, ikawa kijivu, halafu mwaka 2023 Microsoft wakabadilisha tena na ikarudi kijani. Faili la zamani ukilifungua peke yake kwenye Excel mpya halibadiliki, limebeba rangi zake. Ila ukikopi karatasi yake na kuipeleka kwenye faili jingine, rangi zinafuata utaratibu wa mwenyeji. Kama mgeni tu.

Kwa hiyo niambieni, hapo muuguzi aliyekuwa anaangalia picha kwenye simu alipaswa kujua nini?

4/
Kuna anayejibu, "basi ondoeni rangi zote, andikeni maneno." Hapana. Huyu hajawahi kutafuta jina lake kwenye karatasi ya watu arobaini saa nane za usiku. Jicho linaona rangi kabla ya herufi, na sisi kazi yetu nzima imejaa rangi. Kanula ya kijani ni namba 18, pinki 20, bluu 22, njano 24. Ukitoka Mtwara ukaenda Mwanza, pinki ni 20. Hakuna in-charge anayeamka asubuhi na kusema mwezi huu pinki iwe 18. Kuna kiwango cha kimataifa, watengenezaji wanakifuata, na bado namba imeandikwa kwenye pakiti.

Na pale ambapo rangi hazijakubaliana, tumefundishwa la kufanya. Mtungi wa oksijeni kwa kiwango cha kimataifa ni mweupe. Marekani ni wa kijani. India kuna mweusi wenye mabega meupe. Ndiyo maana unasoma lebo kabla ya kufungua, huendi kwa rangi peke yake. Sasa iweje mtungi tuusome lebo, halafu rosta inayoamua nani yupo na nani hayupo tuiache na rangi tupu?

5/
Tusisahau printa. Printa ya wodi gani ina wino wa rangi? Kijani, chungwa na bluu zote zinatoka kijivu, zinabandikwa ukutani, na mtu anaambiwa "si iko ubaoni". Na kuna wenzetu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Hawasemi, wanaona aibu.

6/
Ninachotaka ni kidogo, wala hakihitaji bajeti.

Kila kisanduku kiandikwe herufi: A asubuhi, J jioni, U usiku, P mapumziko, K wa kuitwa. Rangi iwe juu ya herufi, isiwe badala yake. Faida nyingine: Excel yenyewe haina fomula ya kuhesabu rangi, ila herufi inahesabu. Matroni akitaka kujua nani kapangiwa usiku mara nyingi kuliko wenzake, jibu analipata papo hapo. (Labda ndiyo maana wengine hawapendi herufi. Nimesema labda.)

Rangi zichaguliwe kwenye ule mstari wa chini, zile hazihami. Ukitaka rangi yako mwenyewe, ingia More Colors uandike namba zake za nyekundu, kijani na bluu. Chungwa ya mstari wa chini ni 255, 192, 0. Kijani ni 0, 176, 80. Namba hizo ziandikwe juu ya karatasi pamoja na maana yake, wodi zote zitumie hizohizo. Anayekuja baada yako asikisie kwa macho, maana vijani viwili vinavyofanana machoni, ukichuja kwa rangi Excel inavihesabu vitu viwili.

Na anayeunganisha mafaili ndiye akague kabla ya kutuma. Asiyegusa faili asiandikiwe barua.

7/
Wanaoniuliza inbox kama yule dada barua yake ilifutwa: haijafutwa. Alijibu kwa maandishi, akaambatanisha picha ya rosta mbili, ya wodi na ya matroni, tarehe zilezile, rangi tofauti. Anasubiri majibu.

Kesho naandika kuhusu faili la dawa zinazokaribia kuisha muda. Huko nyekundu ya mfamasia na nyekundu ya stoo ya wodi hazina maana moja.