Rubani asishinikizwe juu ya mafuta



Nina maoni yangu juu ya mafuta ya helikopta. Tangu kampeni za mwaka 2005 tumezoea kuiona helikopta kwenye mikutano, na kila ikitokea tunashangilia ili izunguke tena.

Sisi madereva huhesabu lita kwa kilomita. Rubani huhesabu kwa saa. Helikopta aina ya AS350 hubeba lita 540 hivi na kutumia kama lita 180 kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, hewa ikitulia, itatumia lita 315 hivi. Ukivuma upepo wa mbisho, muda na lita huongezeka, ingawa kilomita ni zile zile. Kuelea mahali pamoja nako hula mafuta, kama gari lililokwama kwenye foleni ya Magomeni Mapipa. Robo saa ya mbwembwe ni lita 45.

Tarehe 29 Novemba, 2013, helikopta ya polisi iliangukia baa mjini Glasgow, watu 10 wakafa. Ilikuwa na kilo 76 za mafuta, lakini karibu yote yalibaki katika tangi kuu, pampu za kuyahamisha zikiwa zimezimwa.

Kwa hiyo nawaomba viongozi na waandaaji wa mikutano: rubani akisema yaliyobaki ni ya kurudia tu, msimbembeleze. Akiba ile ni roho za watu.

Dereva,
Magomeni,
Dar es Salaam.